Milango ya Maji: Safari ya Kutoka Sosiani Hadi Ziwani

Watu wengi wa Eldoret huvuka mto Sosiani kila siku, asubuhi wakienda kazini na jioni wakirudi nyumbani, wala hawaulizi maji yale yanakwenda wapi. Mimi ni karani, na kazi yangu ni ya mezani. Lakini katika likizo yangu nilikusudia kuyafuata maji hayo mpaka mwisho wake, nione kwa macho yangu mahali yanapoingia. Habari nilizozipata ndizo ninazowaletea wasomaji. Ni habari za samaki mgeni, na za milango ya maji ambayo wanadamu waliifungua wasiweze kuifunga tena, na za sisi tukaao huku juu ambao twadhani kwamba ziwa si jambo letu.

Kwa ajili ya wale wasioujua mji wetu, niseme machache. Eldoret uko katika uwanda wa Uasin Gishu, kiasi cha mita 2,100 juu ya usawa wa bahari. Jina lake, kama isemwavyo, latokana na neno la Kimasai lenye maana ya mto wa mawe, likatiwa mwisho wa Kikalenjin. Kabla ya kupewa jina hilo mwaka 1912, palijulikana kwa namba tu, Sitini na Nne, kwa sababu posta ilijengwa katika shamba lenye namba hiyo; wenyeji wakaitamka namba ya Kiingereza kwa ulimi wao, ikawa Sisibo, na hata leo wazee hupaita hivyo. Gari la moshi lilifika mwaka 1924, na mwaka 2024 Eldoret ulipandishwa cheo ukawa jiji. Katika mabadiliko hayo yote Sosiani umekuwa ukipita katikati, juu ya mawe yale yale, ukishuka kuelekea magharibi. Unaingia katika mto Kipkaren, na Kipkaren unaingia katika Nzoia, na Nzoia unaingia katika Ziwa Viktoria, ambalo Waluo huliita Nam Lolwe. Toka hapa hadi ufuoni maji hushuka zaidi ya mita 900.

SOKONI

Kabla ya kuondoka nilipita sokoni. Zamani wazee wengi wa uwanda huu hawakumjua samaki. Chakula chao kilikuwa maziwa, wimbi na nyama ya mifugo. Siku hizi wachuuzi wa samaki ni wengi, na wanunuzi ni wa makabila yote. Nikaona omena waliokauka wakiwa malundo, nikaona ngege waliokaangwa, na vipande vya mbuta. Kando yake palikuwa na kitu kilichonishangaza: samaki mwenye kichwa kikubwa na mkia na mifupa mirefu, lakini katikati hana nyama.

Nikamwuliza yule mama mwuzaji, “Mama, mbona samaki huyu amevuliwa nguo?”

Akacheka, akasema, “Bwana karani, huyo ndiye mgongo wazi. Nyama yake imepanda ndege kwenda Ulaya. Sisi tumebakiwa na mgongo, na mgongo nao hupata mwenyewe.”

Mbuta ndiye samaki ambaye Watanzania humwita sangara na Waganda humwita mputa. Ni samaki mla samaki. Akikomaa sana aweza kufika urefu wa karibu mita mbili na uzito wa kilo 200, yaani uzito wa ndama mkubwa. Leo mtu akitaja samaki wa Ziwa Viktoria, watu humfikiria yeye kwanza, kana kwamba alikuwamo tangu kuumbwa kwa ziwa. Sivyo. Yeye ni mgeni, na ugeni wake haujatimiza miaka mia.

NJIANI

Nikapanda matatu asubuhi. Tukapita Turbo, mashamba ya mahindi yakiwa kulia na kushoto, tukafika Webuye, mahali palipoitwa zamani Broderick Falls. Hapo Nzoia huanguka juu ya miamba kwa kishindo. Karibu yake kimesimama kile kiwanda cha karatasi ambacho kilifunguliwa katika miaka ya 1970 na kusimamisha kazi mwaka 2009. Nilishuka nikatazama maporomoko kitambo. Mvua ilikuwa imenyesha usiku uliotangulia, na maji yalikuwa rangi ya chai yenye maziwa. Mkulima mmoja aliyesimama karibu nami akasema, “Hiyo si rangi ya mto, bwana. Hiyo ni rangi ya mashamba yetu.” Neno hilo nililiweka moyoni.

Kutoka hapo nikapitia Bungoma hadi Mumias, katika nchi ya miwa, kisha Bumala, nikateremka mpaka Budalang'i. Huko nchi ni tambarare kabisa, na watu wamejenga kingo za udongo kandokando ya Nzoia, kwa kuwa mto ukifurika huingia majumbani. Mvua inyeshayo Cherangani na Uasin Gishu huwafukuza watu wa Budalang'i vitandani mwao. Jua lilikuwa linashuka nilipofika Port Victoria, nikaliona ziwa.

Ziwa Viktoria lina eneo la kilomita za mraba 68,800 hivi. Duniani kote hakuna ziwa la maji baridi linalolishinda kwa upana ila lile la Superior huko Amerika ya Kaskazini. Sehemu kubwa ni ya Tanzania na Uganda. Kenya ina kiasi cha asilimia 6 tu. Hata hivyo si lenye kina kirefu, kwani pale penye kina kikubwa kuliko pote hapafiki mita 90. Kwa jicho la mtu aliyezoea uwanda, laonekana kama anga lililolazwa chini.

WENYEJI WA ZAMANI

Kesho yake nilikaa na mzee mmoja mvuvi aliyekuwa akishona wavu chini ya mti. Baada ya kuamkiana nikamwomba anieleze samaki wa utoto wake. Akaweka sindano chini, akaanza kuhesabu kwa vidole: ngege, fulu, ningu, mumi, kamongo. Alipofika ningu akasimama kidole hewani.

“Mwanangu, ningu walikuwa wakipanda mto huu wakati wa masika, wengi hata mto ukasikika. Walikuwa wakija kwenu juu kuzaa. Watu waliwategea mitego mdomoni mwa mto, kisha nyavu za dukani zikaja. Siku hizi mtoto akiniuliza ningu ni nini, nakosa cha kumwonyesha.”

Basi nikafahamu kwamba mto ni njia ya kupanda na kushuka, tofauti na nilivyodhani. Sisi twateremsha maji, na ziwa lilikuwa likitupandishia samaki.

Na hao fulu, ambao mzee aliwataja upesi kama mtu atajaye majirani waliohama, ndio waliokuwa ajabu ya ziwa hili. Ni samaki wadogo, wengine hawazidi kidole, wenye rangi za kupendeza: buluu, nyekundu, manjano. Wataalamu wamehesabu namna zaidi ya 500, na karibu wote hawapatikani mahali pengine popote duniani. Wako walao konokono, walao mwani, walao wadudu, walao mayai ya wenzao. Majike yao huyatunza mayai na watoto kinywani. Wataalamu walipovuta nyavu sakafuni mwa ziwa karibu na mwaka 1970, waliona kwamba kiasi cha asilimia 80 ya uzito wa samaki waliowapata ni fulu.

JINSI MGENI ALIVYOINGIA

Reli ya kutoka Mombasa ilifika Kisumu mwaka 1901, na miaka michache baadaye nyavu za kigeni zikaanza kutumiwa. Ngege, aliyekuwa samaki mtamu kuliko wote na mwenye bei, akavuliwa mno. Mwaka 1927 na 1928 mtaalamu Mwingereza, Michael Graham, alilipima ziwa na samaki wake. Katika ripoti yake alishauri macho ya nyavu yasiwe madogo kupita kiasi, na pia alionya kwamba kuleta samaki mkubwa mla wenzake kutoka maji mengine kungekuwa hatari kubwa. Onyo hilo liliandikwa, likachapishwa, likawekwa makabatini.

Katika miaka ya 1950 shauri likazuka upya. Wako maofisa wa uvuvi wa Uganda waliosema: fulu ni wengi lakini wadogo, wana mifupa, hawana bei. Tukimtia mbuta, atawala fulu na kuwageuza kuwa nyama nene. Tena atawafurahisha wavuvi wa mchezo. Wataalamu wa utafiti waliokuwa Jinja walipinga. Mmoja wao, Geoffrey Fryer, aliandika mwaka 1960 akieleza hatari zake: kwamba kila mla nyama hupoteza sehemu kubwa ya chakula alacho, na kwamba ziwa haliwezi kupata nyama nyingi zaidi kwa kumwongeza anayeila.

Lakini mbuta alikuwa amekwisha kuingia. Habari zilizochapishwa baadaye zaonyesha kwamba tangu mwaka 1954 mbuta kutoka Ziwa Albert walitiwa ziwani kwa siri upande wa Jinja. Mwaka 1960 wavuvi walianza kuwapata. Na kwa kuwa walikuwamo tayari, ilionekana hakuna cha kuzuia tena: mwaka 1962 na 1963 wakatiwa wengine waziwazi, Entebbe na Kisumu. Sisi makarani twaijua namna hiyo ya kazi. Ni jambo lililofanywa usiku, likapigwa muhuri mchana.

Kwa miaka karibu ishirini hapakuonekana kitu. Mbuta walikuwa wachache, na walioogopa wakaanza kuonekana waoga bure. Kisha, mwanzoni mwa miaka ya 1980, katika ghuba yetu ya Kenya kwanza, na baadaye kidogo upande wa Tanzania, mbuta wakalipuka kama moto wa nyika. Nyavu zilizokuwa zikijaa fulu zikajaa mbuta. Katika miaka michache fulu wakawa haba hata wasihesabiwe. Wataalamu hukadiria kwamba namna 200 hivi, pengine zaidi, zilitoweka. Haikupata kuonekana katika zama zetu mahali pengine ambapo viumbe wengi wenye uti wa mgongo walitoweka upesi namna hiyo.

KUPE NA CHUI

Hapa nataka kumpeleka msomaji mbali kidogo, mpaka Amerika ya Kaskazini, kwa kuwa kisa cha huko chakisaidia kisa chetu kueleweka.

Kati ya Marekani na Kanada yako maziwa matano makubwa, na mmoja wa majirani wa maziwa hayo tangu zamani alikuwa samaki wa bahari ya Atlantiki aitwaye lamprei. Ana umbo la mkunga, hana taya. Kinywa chake ni duara kama kikombe, kimejaa meno, na ulimi wake ni kama tupa. Humnata samaki mwenzake ubavuni, akamkwangua ngozi, akamnyonya damu siku nyingi, kama kupe juu ya ng'ombe. Lamprei mmoja katika maisha yake ya kunyonya, ambayo hayazidi sana mwaka mmoja na nusu, aweza kuua samaki wa uzito wa ratili 40.

Maziwa manne ya juu yalikuwa salama, kwa sababu maporomoko ya Niagara yalikuwa mlango uliofungwa. Hakuna lamprei awezaye kuyapanda. Lakini mwaka 1829 ulifunguliwa mfereji wa Welland ili meli ziyazunguke maporomoko hayo, na baadaye ukapanuliwa. Mwaka 1921 lamprei alionekana Ziwa Erie, na kabla ya mwisho wa miaka ya 1930 alikuwa amefika maziwa yote ya juu. Wavuvi wa huko walikuwa wakivua samaki aina ya trauti kiasi cha ratili milioni 15 kwa mwaka katika maziwa hayo ya juu. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 hawakupata zaidi ya ratili 300,000 hivi.

Sasa tazama mbuta. Yeye si kupe, ni chui katika zizi la mbuzi: hanyonyi, humeza. Lakini naye alikuwa nyuma ya mlango. Makao yake ya asili ni Nile ya chini na Ziwa Albert, na kati yake na Ziwa Viktoria yako maporomoko ya Murchison. Kwa maelfu ya miaka maporomoko hayo yaliwalinda fulu, kama Niagara ilivyowalinda trauti. Wamarekani waliuzunguka mlango wao kwa mfereji wa meli, wakiwa na nia ya biashara, wala hawakumfikiria lamprei. Huku kwetu mlango ulizungukwa kwa makusudi, samaki akabebwa na watu.

Na tazama tena mwaka. Mwezi wa Septemba 1954 Marekani na Kanada zilitia sahihi mapatano ya kupigana na lamprei pamoja, zikaunda tume. Mwaka huo huo huku mbuta alikuwa akiingizwa. Wenzetu waliwajaribu lamprei kwa madawa maelfu, moja baada ya jingine, mpaka mwaka 1957 wakapata moja liuwalo watoto wa lamprei mitoni bila kuwadhuru sana samaki wengine. Wakalitia katika mito wanamozaliwa, kama sisi tutiavyo ng'ombe katika josho. Lamprei wakapungua kwa kadiri ya asilimia 90. Lakini hawakuisha. Hata leo mito hutiwa dawa kwa zamu, na mkulima yeyote ajua sababu: ukiacha josho, kupe hurudi. Nchi hizo mbili zenye mali nyingi zimefanya kazi hiyo tangu mwaka 1958, wala mwisho wake hauonekani.

MGENI AMEKUWA MWENYE NYUMBA

Yule mzee nilimsimulia habari hizo. Akasikiliza kwa makini, kisha akaniuliza swali ambalo sikuwa na jibu lake. “Hao watu wa Amerika, yule mnyonya damu wao anauzika?”

Nikasema, “Hauziki, mzee.”

“Basi ndiyo maana wanamwua,” akasema. “Wetu anauzika. Nani atamfukuza mgeni anayelipa ada ya shule?”

Na kwa kweli hapo ndipo penye fundo la jambo lote. Mbuta alipoongezeka, viwanda vya kukata minofu vilijengwa Kisumu, Mwanza, Jinja na kwingineko. Samaki wa ziwa zima, ambao zamani walikuwa kiasi cha tani 100,000 kwa mwaka, wakafika karibu tani 500,000 mnamo 1990. Watu waliokuwa na mtumbwi wa makasia wakapata mashine. Nyumba za bati zikasimama. Hata kibofu cha hewa kilichomo tumboni mwa mbuta, ambacho Watanzania hukiita bondo, hununuliwa kwa fedha nyingi na kupelekwa Uchina. Asemaye kwamba mgeni huyu hakuleta neema, huyo hasemi kweli.

Lakini neema hiyo ilikuja na bili yake. Minofu ikaenda Ulaya, na kwa mlaji wa ufuoni, na kwa yule mama wa soko letu la Eldoret, ukabaki mgongo wazi. Fulu walikuwa wakikaushwa juani bila gharama. Mbuta ana mafuta mengi, hakauki juani, hana budi kukaangwa au kutiwa moshi, na kuni zake zikakatwa vilimani. Na mwishoni mwa miaka ya 1990 nchi za Ulaya zilipozuia samaki wa ziwa hili mara kadhaa kwa hofu ya maradhi na sumu, wavuvi walijifunza kwamba bei ya samaki wao huamuliwa na watu wasiowajua.

Tena mbuta mwenyewe sasa amepungukiwa. Nyavu zenye macho madogo huwavua wakiwa wachanga, na wale wakubwa sana ambao mzee aliwaona ujanani mwake ni nadra. Nchi tatu zilitia sahihi mapatano yao huko Kisumu mwezi wa Juni 1994, miaka arobaini baada ya yale ya Amerika, zikaunda Shirika la Uvuvi wa Ziwa Viktoria, ambalo makao yake yako Jinja. Tofauti ni kwamba wenzetu walikutana ili kumwangamiza mgeni, nasi twakutana ili kumhifadhi.

Mgeni njoo, mwenyeji apone, walisema wahenga. Huyu alikuja, mwenyeji mmoja akafa na mwingine akapona, na aliyepona hawezi tena kuishi bila yeye.

MLANGO WA MAFUNJO

Kutoka Port Victoria nikavuka Nzoia, nikaingia Siaya, mpaka ziwa dogo liitwalo Kanyaboli, kandokando ya kinamasi kikubwa cha Yala. Ni dogo sana ukilinganisha na mama yake: eneo lake ni kilomita za mraba kumi hivi. Nikapanda mtumbwi na kijana mmoja, tukapita kati ya mafunjo marefu kuliko mtu, ndege wakiruka mbele yetu.

Kijana akavuta wavu wake, akanionyesha samaki wa kiasi cha kiganja. “Huyu ndiye ngege mwenyewe,” akasema. Nikamtazama kwa heshima. Ngege wa sokoni Eldoret si huyu. Wengi wao ni wa namna nyingine, walioletwa ziwani katika miaka ile ile ya 1950, wakamshinda mwenyeji na hata kuchukua jina lake. Ngege wa asili amekwisha kabisa, au karibu kwisha, katika Ziwa Viktoria kubwa. Hapa Kanyaboli yuko, pamoja na fulu kadha.

Nikauliza, “Mbona mbuta hakuingia?”

Akanyosha kidole kwenye mafunjo. Jibu lake ndilo jibu la wataalamu pia. Katika maji yaliyo chini ya mafunjo mna hewa kidogo sana. Mbuta hutaka maji yenye hewa nyingi. Akiingia humo hukosa pumzi. Ngege na fulu wengine huvumilia. Basi kile tuitacho kinamasi, pori la mbu, nchi isiyo na kazi, ndicho kilichofanya kazi ya Murchison na Niagara. Nacho hukatwa, hukaushwa, hupandwa mazao. Sehemu ya kinamasi cha Yala ilianza kukaushwa tangu miaka ya 1960. Mafunjo yakiisha mlango umekwisha. Tena hatari nyingine yaweza kuingia kwa ndoo ya mtu mmoja tu, kwa kuwa ngege wa kigeni huzaana na ngege wa asili, na uzao wao si huyu wala si yule.

NENO KWA WATU WA JUU

Wasomaji watauliza, haya yote yatuhusu nini sisi wa Uasin Gishu? Yatuhusu kwa njia tatu.

Kwanza, ule udongo niliouona Webuye. Mbuta hakuwaua fulu peke yake. Udongo na mbolea zitokazo mashambani, na maji machafu ya miji, vilililisha ziwa kupita kiasi. Mwani ukaota, maji yakawa ya kijani, na chini kabisa hewa ikapungua. Wataalamu waligundua jambo la kusikitisha: jike la fulu humtambua dume wa namna yake kwa rangi zake, na maji yakiwa na tope haoni vizuri, hivyo namna mbalimbali huchanganyika na kupotea bila kuliwa na yeyote. Gugu maji nalo lilionekana katika ziwa mwishoni mwa miaka ya 1980, likanenepa kwa chakula hicho hicho, hata likazifunga bandari. Kila tuta la kuzuia udongo litengenezwalo Moiben au Turbo ni kazi ya uvuvi, ingawa afanyaye hana wavu.

Pili, mabwawa. Tangu mpango wa serikali wa mwaka 2009 wakulima wengi wamechimba mabwawa ya samaki, na ni jambo jema. Lakini bwawa lililo kando ya kijito ni mlango. Mvua kubwa ikija, samaki waliomo hutoka. Mkulima na aweke wavu wa waya mahali pa kutokea maji. Na anunue vifaranga kwa watu wanaojulikana. Na asichoke kuuliza ni samaki gani na ametoka maji gani. Na akichoka na ufugaji, samaki wake awale au awauze, asiwamwage mtoni kwa kuwahurumia.

Tatu, vinamasi vyetu wenyewe. Kandokando ya Sosiani na vijito vyake mna mabonde ya majani na matete ambayo sasa hukaushwa kwa mboga na miti ya mikaratusi. Mabonde hayo huchuja maji kabla hayajaenda kwa wenzetu. Tuyahesabu kuwa mali, kama tuhesabuvyo ghala.

Kuna jambo moja la kutia moyo. Tangu miaka ya 1990, mbuta walipovuliwa sana, namna kadha za fulu zilizodhaniwa kuwa zimekwisha zilionekana tena, hasa zile zilizokuwa zimejificha penye miamba na penye maji maovu kwa mbuta. Si zote, wala hazitarudi zote. Waliorudi ni wale waliokuwa na mahali pa kujificha, na mahali hapo palikuwapo kwa sababu hakuna mtu aliyekuwa amepaona kuwa na faida akaja kupatengeneza.

Wakulima wenzangu wa Uasin Gishu, na makarani wenzangu mnaopitisha karatasi za mipango mipya, kumbukeni kwamba barua yenye kosa huandikwa upya, na shamba lililopandwa vibaya hulimwa tena mwaka ujao. Samaki aliyeachiliwa majini hana barua ya kumrudisha. Kwa hiyo anayetaka kufungua mlango wa maji na aulize kwanza, aulize mchana, tena awaulize walio chini ya mto na walio juu yake.